Usasishaji wa Linux Uliokatika Njiani: Kompyuta Yenye Kumbukumbu Ndogo

Soma swali hili kwanza. Nimelitunga mwenyewe, lakini kwa mtindo wa maswali yanayopenda kumpa mtahiniwa tukio badala ya kumwomba maana ya neno.

Maabara ya shule moja wilayani Muheza ina kompyuta zenye RAM ya GB 2 zinazotumia mfumo wa Ubuntu. Kompyuta moja ilipokuwa ikisasishwa, umeme ulikatika. Umeme uliporudi kompyuta iliwaka, lakini ilikataa kupokea programu yoyote mpya. (a) Eleza kilichotokea ndani ya kompyuta. (b) Onyesha hatua za kuirekebisha bila kupoteza kazi za wanafunzi. (c) Pendekeza njia mbili za kuzuia hali hiyo.

Mtahiniwa aliyekariri tu kwamba "kusasisha ni kuweka toleo jipya la programu" atapata alama moja katika (a), na katika (b) ataandika "nitafuta kila kitu na kuweka mfumo upya". Jibu hilo linafuta kazi za watu. Katika maabara ya kweli, kwenye diski hiyo kuna kazi za darasa zima za muhula mzima, na mara nyingi hakuna nakala nyingine. Kwa hiyo tuelewe jambo lenyewe kabla ya kugusa amri. Mtihani wenyewe unakuja kwa Kiingereza, nawe utajibu kwa Kiingereza. Hapa tunaelewa kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu kitu ulichokielewa utakieleza kwa lugha yoyote.

Mambo matatu yanayokatiza

La kwanza ni umeme. Mkoa wa Tanga una mitambo yake ya maji kwenye mto Pangani: Hale yenye uwezo wa MW 21 na New Pangani Falls yenye MW 68. Wanafunzi huniuliza, kama umeme unazalishwa hapa kwetu, mbona unakatika? Jibu ni kwamba umeme wa Hale hauendi moja kwa moja Korogwe na Muheza. Unaingia kwenye gridi ya taifa, na hitilafu ya mbali inaweza kuzima taa za Ngamiani. Mwaka 2023 nchi nzima ilipita kwenye mgao. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere, wenye MW 235, ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024 na hali ikapata nafuu kubwa. Lakini hata gridi ikiwa na umeme wa kutosha, bado uniti za LUKU zinaisha, na zinaisha bila kuuliza kompyuta inafanya nini.

La pili ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini inayohudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku hiyo kompyuta iliyokuwa katikati ya kupakua vifurushi ilisimama ilipofika. Huhitaji mkongo kukatika, hata hivyo: bando likiisha matokeo ni yale yale.

La tatu ndilo watahiniwa husahau: kumbukumbu. Umeme upo, mtandao upo, lakini RAM imejaa na kompyuta inaua kazi yake yenyewe. Tutalirudia, maana hapo ndipo penye alama nyingi.

Usasishaji unapita hatua gani

Ubuntu, Linux Mint na Debian zinatumia programu mbili zinazoshirikiana. APT ni kama mtu wa manunuzi: anajua orodha ya vifurushi, kipi kinahitaji kipi, na wapi vinapatikana. dpkg ni fundi: anapokea kifurushi na kukifunga kwenye mfumo. Wakati wa kusasisha kuna hatua nne. Orodha mpya ya vifurushi inasomwa, vifurushi vinapakuliwa, vinafunguliwa na faili zake kuwekwa mahali pake, kisha vinasanidiwa, yaani kila programu inaandaliwa ili iweze kufanya kazi.

Hatua mbili za mwanzo zikikatizwa hakuna madhara. Vifurushi vinavyopakuliwa hukaa kwenye folda ya /var/cache/apt/archives, na kile ambacho hakijakamilika hukaa kwenye folda ndogo iitwayo partial. Mfumo unaotumika haujaguswa. Mtandao ukirudi, unarudia amri ile ile na APT kwa kawaida huendelea pale ilipoishia, hivyo bando lililotumika halikupotea bure. Mwanafunzi anayeogopa mtandao kukatika anaogopa kisicho na meno.

Hatari iko kwenye kufungua na kusanidi. Hapa nitumie mfano wa fundi cherehani anayeshona sare za harusi za watu kumi. Fundi huyu ni mwangalifu: hachukui gauni la zamani la mtu mpaka jipya la mtu huyo limekamilika. dpkg hufanya hivyo hivyo. Faili jipya huliandika kwanza pembeni kwa jina linaloishia na .dpkg-new, kisha ndipo hubadilisha majina ili jipya lishike nafasi ya la zamani. Kwa hiyo faili moja moja si rahisi kuharibika. Tatizo ni kundi zima. Umeme ukikatika wakati watu sita wamevaa sare mpya na wanne bado wana za zamani, kila mmoja amevaa nguo nzima, lakini hawawezi kuingia ukumbini kama kundi. Katika kompyuta, maktaba ya programu imekuwa mpya wakati programu inayoitegemea bado ni ya zamani, au programu imefunguliwa lakini haijasanidiwa.

dpkg ana daftari lake, faili la /var/lib/dpkg/status, anapoandika hali ya kila kifurushi. Ndiyo sababu umeme ukirudi anajua alipoishia, na ndiyo sababu anakataa kazi mpya kabla ya kumaliza ya zamani. Ujumbe unaotokea ni huu, na unapaswa kuutambua ukiuona kwenye karatasi ya mtihani au kwenye kioo:

E: dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a' to correct the problem.

Angalia vizuri: ujumbe wenyewe umekupa dawa. Watu wengi wakiona herufi E na maandishi mengi wanafunga dirisha bila kusoma.

Ukitaka kuona ni vifurushi gani vimekwama, andika dpkg --audit. Au tumia dpkg -l na utazame herufi mbili za mwanzo wa kila mstari. ii maana yake kifurushi kimewekwa na kimesanidiwa. iU kimefunguliwa tu. iF kusanidi kuliishia katikati. iH kuweka kwenyewe kuliishia katikati. Herufi ya pili ndiyo inayoeleza hali halisi.

RAM ikijaa

RAM ni meza ya kazi, diski ni kabati. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 ina meza ndogo, na Ubuntu yenye madirisha kamili inaweza kula karibu nusu ya meza hiyo kabla hujafungua chochote. Fungua Firefox na kurasa tano, meza imejaa. Sasa anzisha usasishaji: APT inapakia orodha ya maelfu ya vifurushi kwenye kumbukumbu, dpkg inafungua vifurushi vilivyokandamizwa, na toleo jipya la kiini cha Linux likiwemo, kompyuta inalazimika kutengeneza upya faili la kuwashia linaloitwa initramfs, kazi inayohitaji kumbukumbu na muda.

Meza ikijaa kabisa, kiini cha Linux hakiachi mfumo wote usimame. Kinachagua programu moja, kwa kawaida inayokula kumbukumbu nyingi zaidi, na kuiua ili nyingine zipumue. Sehemu hii ya kiini inaitwa OOM killer. Toka Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, kuna pia mlinzi wa pili anayeitwa systemd-oomd, anayeua mapema zaidi kabla hali haijawa mbaya. Watumiaji wengi walilalamika mwaka huo kwamba kivinjari chao kinafungwa ghafla bila maelezo. Mlinzi huyo ndiye aliyekuwa akifanya hivyo.

Sasa unganisha mambo mawili. Ikiwa usasishaji unaendeshwa ndani ya dirisha la amri, na dirisha hilo liko ndani ya mazingira ya picha, basi mazingira hayo yakiuawa, dirisha linakufa, na usasishaji uliomo ndani yake unaweza kufa nalo. Matokeo yanafanana kabisa na kukatika kwa umeme, ingawa taa zinawaka na feni inazunguka. Ndiyo maana ukikuta kompyuta ina ujumbe wa dpkg kukatizwa na kila mtu anaapa umeme haukukatika, usimwite mtu mwongo. Angalia kumbukumbu za mfumo:

sudo dmesg | grep -i "out of memory"

Kama kompyuta imeshazimwa na kuwashwa tena, rekodi za kiini za mara iliyopita husomwa kwa journalctl -k -b -1.

Ili kujua meza ina nafasi kiasi gani, tumia free -h. Hapa wengi hudanganyika. Wanatazama safu ya free, wanaona MB chache, wanashtuka. Linux hutumia RAM isiyo na kazi kuhifadhi nakala za faili zilizosomwa karibuni, na huiachia mara programu ikiihitaji. Safu ya kutazama ni available.

Kurekebisha, kwa mpangilio

Kabla ya yote, kama kompyuta inawaka, nakili kazi za wanafunzi kwenye flashi. Usasishaji haugusi faili zilizomo kwenye folda ya /home, lakini diski iliyokatiwa umeme mara nyingi si ya kuaminiwa, na dakika kumi za kunakili ni rahisi kuliko kueleza darasa zima kwa nini kazi zao hazipo.

Kisha funga programu zote, hasa kivinjari. Kwenye kompyuta yenye RAM ndogo ni bora zaidi kutoka kabisa kwenye mazingira ya picha: toka kwenye akaunti yako, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, na uingie kwa jina na nywila kwenye skrini nyeusi. Hapo hakuna madirisha ya kula kumbukumbu. Hakikisha diski ina nafasi kwa df -h. Ikiwa imejaa, sudo apt clean itaondoa vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa.

Baada ya hapo amri ni nne, na mpangilio wake una maana:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt full-upgrade

Ya kwanza inamwambia fundi amalize kusanidi vyote alivyofungua. Ya pili inamtuma mtu wa manunuzi atafute vifurushi vinavyokosekana ili utegemeano ukamilike. Hii inaweza kuhitaji mtandao. Ya tatu inasoma orodha upya, ya nne inaendeleza usasishaji uliobaki. Ukianza na ya nne, utarudishiwa ujumbe ule ule wa E. Wakati mwingine ya kwanza inagoma kwa sababu kifurushi kimoja kinangoja kingine. Basi endesha ya pili, kisha urudie ya kwanza.

Neno kuhusu kufuli. Unaweza kukutana na ujumbe usemao Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. Kuna ushauri unaozunguka mitaani, na nimeuona ukitumiwa na fundi anayelipwa, wa kufuta faili la kufuli. Usiufuate. Kufuli la kweli linashikwa na programu inayofanya kazi wakati huo. Faili lenyewe lipo siku zote, hata kama hakuna anayelitumia. Umeme ukikatika, aliyeshika kufuli amekufa na kufuli limeachiwa lenyewe. Kwa hiyo ukiona ujumbe huo, maana yake kuna programu hai inayosasisha sasa hivi, mara nyingi ni unattended-upgrades ambayo Ubuntu huiendesha kimyakimya kompyuta ikipata mtandao. Ukifuta faili na kuanzisha usasishaji wa pili, umeruhusu mafundi wawili kuandika kwenye daftari moja. Hapo ndipo mfumo unaoweza kuokolewa unageuka kuwa usiookoleka. Tazama nani anafanya kazi kwa ps aux | grep -E "apt|dpkg|unattended", kisha subiri. Kwenye kompyuta ya GB 2 kusubiri kunaweza kuchukua nusu saa.

Kompyuta isipowaka kabisa

Umeme ukikatika wakati initramfs inatengenezwa, toleo jipya la kiini linaweza kubaki bila faili lake la kuwashia. Kompyuta ikiwashwa inaonyesha maneno Kernel panic na VFS: Unable to mount root fs, kisha inasimama. Inatisha kuitazama, lakini ni moja ya hali rahisi kurekebisha, kwa sababu Ubuntu haifuti kiini cha zamani pale inapoweka kipya. Washa kompyuta huku umeshikilia Shift, au bonyeza Esc kwenye mashine mpya za UEFI, hadi orodha ya GRUB itokee. Chagua Advanced options, kisha toleo la kiini lenye namba ndogo kuliko la juu. Kompyuta itawaka kwa kiini cha zamani. Maliza kazi:

sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -u -k all
sudo update-grub

Ikiwa badala yake unaachwa kwenye skrini nyeusi yenye neno (initramfs), mara nyingi mfumo wa faili wenyewe unahitaji kukaguliwa. Ujumbe ulio juu yake kwa kawaida utakutajia jina la sehemu ya diski, kwa mfano /dev/sda1. Andika fsck -y ukifuatiwa na jina hilo, kisha exit. Mfumo wa faili wa ext4 una jarida lake la mabadiliko, hivyo kwa kukatika kwa umeme kwa kawaida hujirekebisha wenyewe bila hata wewe kujua.

Kuzuia

Njia ninayoipenda zaidi kwa shule zetu haigharimu hata shilingi: tenganisha kupakua na kuweka. Amri hii inapakua tu bila kugusa mfumo:

sudo apt full-upgrade --download-only

Iendeshe wakati mtandao upo, hata kama huamini umeme. Kisha, siku umeme umetulia na LUKU ina uniti, endesha sudo apt full-upgrade bila orodha kusomwa upya. Vifurushi viko tayari kwenye diski na mtandao hauhitajiki. Muda wa hatari unapungua kutoka saa mbili hadi dakika chache. Kompyuta mpakato yenye betri nzima haina wasiwasi wa umeme, na kwa kompyuta ya mezani UPS ndogo inatosha kabisa kwa dakika hizo.

Kwa upande wa kumbukumbu, ongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama kiendelezo cha meza. Ni ya polepole, lakini polepole ni bora kuliko kuuawa katikati ya kazi. Kama free -h inaonyesha swapu ni sifuri:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Chmod 600 inazuia watumiaji wengine kusoma faili hilo, kwa kuwa ndani yake hupita chochote kilichokuwa kwenye RAM, nywila zikiwemo. Swapu hii itapotea kompyuta ikizimwa isipokuwa uandike mstari wake kwenye faili la /etc/fstab. Na kama una uhuru wa kuchagua mfumo, kompyuta ya GB 2 inapumua vizuri zaidi na Lubuntu kuliko Ubuntu yenye madirisha mazito.

Namna ya kujibu swali la mwanzo

Katika (a) usiishie kusema "mfumo uliharibika". Andika kwamba usasishaji una hatua za kupakua, kufungua na kusanidi. Kwamba umeme ulikatika baada ya baadhi ya vifurushi kufunguliwa na kabla ya vyote kusanidiwa. Na kwamba dpkg imeandika hali hiyo, hivyo inakataa kazi mpya hadi ya zamani ikamilike. Katika (b) anza na kunakili kazi za wanafunzi, kisha taja amri kwa mpangilio, na kwa kila amri eleza inafanya nini kwa sentensi moja. Amri bila maelezo haimwonyeshi msahihishaji kwamba umeelewa. Katika (c) swali limeomba njia mbili, toa mbili: moja ya umeme na moja ya kumbukumbu zinaonyesha umeona sababu zote. Ukiandika sita, unapoteza muda wa swali linalofuata.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kukatika kwa mtandao wakati wa kupakua hakuharibu mfumo, ilhali kukatika kwa umeme wakati wa kusanidi kunaweza kuuzuia?

2. Mwenzako amepata ujumbe wa kufuli na anataka kufuta faili la lock-frontend. Mweleze kwa sentensi tatu kwa nini asubiri.

3. Amri ya free -h inaonyesha free MB 95 na available MB 820. Je, ni salama kuanza kusasisha kompyuta hii? Toa sababu.

4. Kompyuta ya steshenari moja Chumbageni ilifunga mazingira yake ya picha ghafla wakati wa kusasisha, ingawa umeme haukukatika. Taja amri utakayotumia kuthibitisha sababu, na hatua mbili utakazochukua kabla ya kuanza usasishaji upya.